Mizani ya gavana: nani alikuwa msaliti katika Burma ya 1946?

Wazee wetu wa Keya waliopigana Burma, au Bama kama walivyozoea kuiita, walirudi na makovu, medali na hadithi za mvua isiyokatika. Vitabu hawakurudi navyo. Vitabu vya vita vile viliandikwa na wengine, majenerali, magavana na wakubwa wa siasa, na wahenga walishasema kwamba mwamba ngoma huvutia kwake. Safari hii tumevichukua vitatu vya aina hiyo tukavisoma kwa pamoja. Cha kwanza ni "Defeat into Victory" cha Jenerali William Slim, kilichotoka mwaka 1956. Cha pili ni "Last and First in Burma" cha Maurice Collis, cha mwaka huo huo, ambaye mwandishi wake alitegemea sana karatasi za gavana Reginald Dorman-Smith. Cha tatu ni "Breakthrough in Burma" cha Ba Maw, cha mwaka 1968, kumbukumbu za mtu aliyekuwa mkuu wa nchi chini ya Wajapani.

Tumevisoma pamoja kwa sababu ya swali moja. Vita vikiisha na mkoloni akarudi kwenye kiti chake, akataka kuchagua wenyeji wa kukaa naye barazani, atampimaje yule aliyekuwa upande wa adui? Ni swali la Burma ya 1945 na 1946, lakini halitupiti mbali na sisi tulio ughaibuni. Hakuna kikao cha kahawa, iwe Muscat au London, ambacho hakijasikia mtu akisema: fulani asiongoze, wazee wake walikuwa na mkoloni. Maoni yetu tuyaseme mapema. Mizani iliyotumika Burma ilipima utiifu kwa serikali iliyokuwa imekimbia. Damu ya watu haikuipima, ila pale ilipofaa kwa siasa.

Kwanza tukumbushane habari yenyewe. Mwaka 1941 kijana Aung San, mzaliwa wa 1915, alitoka Burma kwa siri pamoja na wenzake, wakafundishwa kijeshi na Wajapani. Historia inawaita Wenzi Thelathini. Desemba mwaka huo wakaunda jeshi lao Bangkok, na mwanzoni mwa 1942 wakaingia Burma bega kwa bega na Wajapani. Rangoon ikaanguka Machi. Gavana Dorman-Smith akakimbilia India na kuweka serikali yake Simla, mji wa milimani wenye hewa nzuri, akakaa huko zaidi ya miaka mitatu. Agosti 1943 Wajapani wakatangaza "uhuru" wa Burma: Ba Maw akawa mkuu wa nchi, Aung San waziri wa ulinzi. Haukupita muda vijana wale wakagundua kwamba wamebadilisha bwana tu. Agosti 1944 wakaunda kwa siri muungano wa kupinga ufashisti uliojulikana kwa kifupi kama AFPFL, na tarehe 27 Machi 1945 jeshi la Aung San likawageuzia Wajapani bunduki.

Wakati huo huo watu wetu walikuwa wameshafika. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, askari wa Kenya, Uganda, Tanganyika, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, waliteremka bonde la Kabaw mwaka 1944 wakati wa masika ya huko, katika tope na malaria, na mwanzoni mwa Desemba wakaingia Kalewa kwenye mto Chindwin. Amri nyingi katika msafara ule zilitolewa kwa Kiswahili. Kwa hiyo tunapouliza nani alirudishiwa kiti chake mwaka 1945, na nani alilipa gharama ya kurudishiwa huko, tunauliza habari inayotuhusu. Kiti cha gavana kilirudi Rangoon juu ya mabega ya watu ambao kwao walitawaliwa vile vile, na ambao hakuna aliyewauliza wanataka nani akae barazani, Burma wala nyumbani.

Sasa tuingie vitabuni. Slim ndiye anayesomeka vizuri kuliko wote. Anaandika kama mtu anayesimulia baada ya chakula, bila makuu, na makosa yake anayakiri. Ukurasa tunaouhitaji ni ule wa Mei 1945, Aung San alipofika makao makuu yake akiwa amevaa sare za mtindo wa Kijapani na upanga kiunoni. Slim alimchokoza kwamba amekuja kwa sababu Waingereza wanashinda. Aung San hakukana, na ukweli ule ndio uliomvutia jenerali. Anamwona ni mzalendo wa kweli, mtu anayejua anachokitaka, na mtu wa kufanya naye kazi.

Mizani ya Slim, basi, ni mizani ya askari: mtu huyu atanifaa leo au hatanifaa? Ina ubaridi wake, lakini haina unafiki. Hata hivyo kuna jambo moja ambalo Slim analipita haraka. Anaeleza kwamba alimtajia Aung San kuwa wapo waliotaka ashtakiwe kwa usaliti, na kuwa lipo pia shtaka la mauaji lenye mashahidi. Baada ya hapo mazungumzo yakaendelea kuhusu jeshi. Aung San alikuwa amekuja kwa ahadi ya kurudi salama, na ahadi ni deni. Lakini msomaji akiweke kipengele hiki akilini: mwezi Mei 1945 jeshi la Kiingereza lilikwisha kujua kwamba kuna damu ya mtu inadai, na likaona isubiri.

Mkubwa wa Slim, Lord Mountbatten, alikuwa na msimamo ulio karibu na huo, nao kwa upande mmoja ulikuwa wa busara: mtu asiadhibiwe kwa sababu ya siasa zake wakati wa vita, bali kwa makosa ya jinai aliyoyatenda. Laiti kanuni hiyo ingeshikwa sehemu zote mbili, makala hii isingekuwa na la kusema.

Oktoba 1945 Dorman-Smith akarudi, na hapa ndipo kitabu cha Collis kinapopata uzito. Gavana alikuja na waraka wa serikali ya London wa Mei mwaka huo, uliompa mamlaka ya kutawala moja kwa moja hadi Desemba 1948. Alitakiwa aunde Baraza la Utendaji la wenyeji. AFPFL walidai viti saba kati ya kumi na moja. Gavana akakataa, akawajaza watu wake. Wa mbele katika hao walikuwa Sir Paw Tun na Sir Htoon Aung Gyaw, waliokuwa naye uhamishoni Simla.

Collis anatuonyesha mambo kutoka mezani kwa gavana, na kwa kuwa ana kalamu nzuri, tunajikuta tunamhurumia mtu huyu aliyebanwa kati ya London isiyoamua na Rangoon isiyosubiri. Huruma hiyo hatuikatai. Tunachokikataa ni hoja inayopita chini kwa chini, kwamba wale wa Simla walikuwa safi na wale waliobaki walikuwa na doa. Usafi wa Simla ulinunuliwa kwa tiketi ya kuondoka. Mwalimu aliyebaki kijijini, karani wa posta, polisi, muuza mchele, wote walipaswa kuamka kila asubuhi na kuinama mbele ya Mjapani aliyeletwa na kushindwa kwa serikali ile ile. Serikali iliyoshindwa kuwalinda watu haina haki ya kuwauliza waliwezaje kuishi.

Wapo watakaotujibu kwamba Aung San hakuwa karani aliyebaki. Alitoka kwa hiari yake akaenda kumleta Mjapani. Ni kweli, na hatutaki kuipaka rangi. Lakini usaliti ni kuvunja uaminifu unaodaiwa, na mtu aliyetawaliwa kwa nguvu tangu babu zake anadaiwa uaminifu gani na mtawala? Aung San alikuwa na deni kwa watu wa Burma. Ukimpima kwa deni hilo maswali yanakuwa magumu zaidi: alileta jeshi lililowapiga na kuwafanyisha kazi ya shokoa watu wake, na vikosi vyake mwaka 1942 viliwaua Wakareni wengi huko Myaungmya, katika delta ya Irrawaddy. Hayo ndiyo ya kumuuliza. Gavana hakuyafanya kuwa kipimo chake. Kipimo chake kilikuwa: ulikuwa nami au hukuwa nami?

Ushahidi wetu ni kisa cha Thaton. Mwaka 1942, jeshi la Aung San lilipokuwa linapita upande huo, alikamatwa mkuu wa kijiji aliyeitwa Abdul Rashid, Mwislamu mwenye asili ya India, akatuhumiwa kuwasaidia Waingereza. Akahukumiwa na mahakama ya kijeshi ya papo kwa papo, na Aung San mwenyewe akashiriki kwa mkono wake katika kumuua hadharani. Aung San hakukanusha baadaye. Alikubali dhamana, akisema yalikuwa mambo ya vita.

Mapema mwaka 1946, katika Baraza la Kutunga Sheria lililoteuliwa na gavana, mjumbe mmoja alisimama na kulifumua jambo hili. Aliitwa Tun Oke. Na Tun Oke alikuwa nani? Alikuwa mmoja wa wale Wenzi Thelathini, aliyefundishwa na Wajapani pamoja na Aung San, na mwaka 1942 ndiye aliyeongoza utawala wa muda uliowekwa na jeshi lao. Kama kushirikiana na Mjapani ndilo doa, yeye alikuwa amelowa. Lakini sasa alikuwa hasimu wa Aung San, na gavana akamwona anafaa kukaa barazani. Tukifika hapa mizani yote inaonekana ilivyo. Waliopimwa ni wawili, doa lao ni moja. Mmoja amepewa kiti, mwingine anaandaliwa pingu.

Aprili 1946 mjane wa Abdul Rashid akaandika kuomba haki ya mumewe. Gavana akawasiliana na London kama amkamate Aung San au asimkamate. Amri ya kumkamata ikatolewa, kisha ikafutwa kabla haijatekelezwa, kwa hofu kwamba nchi ingewaka. Juni Dorman-Smith akaitwa arudi Uingereza. Agosti akaja Hubert Rance, gavana mpya aliyewahi kusimamia utawala wa kijeshi Burma. Septemba polisi wakagoma, na kabla mwezi haujaisha Aung San alikuwa ndani ya Baraza la Utendaji kama naibu mwenyekiti, mwenye dhamana ya ulinzi na mambo ya nje, na AFPFL ina viti vingi. Kesi ya Thaton haikusikilizwa na mahakama yoyote.

Wasomaji wengi wa habari hii wanagawanyika pande mbili. Upande mmoja unasema Waingereza walikosea kutomkamata. Wa pili unasema walifanya vyema, maana bila Aung San kusingekuwa na mkataba wa Januari 1947 na Waziri Mkuu Attlee, wala uhuru wa tarehe 4 Januari 1948. Sisi tunaona pande zote mbili zinamsahau mama yule. Alipoandika aliomba jambo moja tu, nalo halikuwa kiti cha mtu. Mwaka 1945 dai lake liliwekwa kando kwa sababu Aung San alikuwa anahitajika vitani. Mwanzoni mwa 1946 likainuliwa kwa sababu Aung San alikuwa anasumbua. Katikati ya 1946 likazikwa kwa sababu Aung San alikuwa anahitajika tena. Haki yake ilipanda na kushuka kama bei ya karafuu, na hakuna aliyemuuliza. Hii ndiyo dhambi ya mizani ya gavana: iligeuza mauaji kuwa hoja ya kuteua na kutoteua.

Kuna mtu mwingine wa kumtazama, na huyu anatufikisha kwetu. U Saw alikuwa waziri mkuu wa Burma kabla ya vita. Mwaka 1941 alikwenda London kumwomba Churchill ahadi ya kujitawala, akatoka mikono mitupu. Akiwa njiani kurudi alizungumza na Wajapani Lisbon. Waingereza walikuwa wananasa mawasiliano ya siri ya Wajapani, wakajua, wakamkamata mapema 1942. Ushahidi wa namna hiyo haukuweza kuwekwa mbele ya hakimu bila kufichua siri ya vita. Basi wakampeleka kizuizini. Wapi? Uganda. Miaka ile ambayo vijana wa Uganda walikuwa wanapelekwa Burma kupigana, mkubwa wa Burma alikuwa Uganda amefungiwa.

Mwanzoni mwa 1946 U Saw akarudi kwao. Sasa mpime kwa mizani ya gavana. Hakuvaa sare ya Mjapani, hakukaa katika serikali ya Ba Maw, hakuonekana mahali popote na adui. Kwa nini? Kwa sababu alikuwa kizuizini Uganda. Kufungwa kwake kulimsafisha. Nia aliionyesha Lisbon, nafasi ndiyo aliyoikosa. Naye akaingia katika baraza la Rance la 1946, akawa katika ujumbe wa London wa Januari 1947, na akakataa kutia saini mkataba. Tarehe 19 Julai 1947 watu aliowatuma waliingia na bunduki katika chumba cha baraza Rangoon, wakamuua Aung San na mawaziri wenzake, akiwemo kaka yake Ba Win, na Abdul Razak, waziri wa elimu, Mwislamu mwenye asili ya India kwa baba. U Saw alinyongwa Mei 1948.

Hatusemi gavana angeweza kuota yatakayotokea Julai. Tunasema mizani yake haikuwa na uwezo wa kuona tofauti kati ya watu wawili hawa, kwa kuwa iliuliza walikuwa wapi na haikuuliza wamefanya nini na nani anawafuata. Mmoja alikuwa na damu mikononi na umma nyuma yake. Mwingine hakuwa na damu bado, wala umma wa kutosha. Hayo ni maswali mawili, na kila moja lina mahali pake. La damu ni la mahakama, liwe kwa mkubwa au mdogo. La kuongoza ni la wananchi na kura zao. Ukimpa gavana yote mawili ayaamue kwa pamoja, atamsamehe muuaji anayemfaa na atamzuia kiongozi asiyemfaa, na vyote viwili ataviita haki.

Tumalizie na Ba Maw. Kitabu chake ndicho chenye uchungu zaidi. Waingereza walimfunga mwaka 1940, Wajapani wakamkweza 1943, vita vilipokwisha akakimbilia Japani, akajisalimisha na kufungwa tena hadi 1946. Anaandika kama wakili aliyekuwa, na kesi anayoitetea ni yake. Anasema ushirikiano wake ulikuwa njia ya kufikia uhuru, na anawachora makamanda wa Kijapani kwa ukali ambao mtu hautarajii kutoka kwa aliyekaa nao meza moja. Tunamwamini anaposema nia yake ilikuwa uhuru. Lakini mizani ya nia nayo ina kasoro yake: kila mtu huipima nia yake mwenyewe na kuikuta nzito. Aliyelazimishwa kubeba magogo kwenye reli ya Wajapani hakupigwa na nia ya Ba Maw. Alipigwa na fimbo.

Basi tuna mizani tatu: ya askari anayeuliza nitamtumiaje, ya gavana anayeuliza alikuwa nami, na ya mtuhumiwa anayeuliza nilikusudia nini. Ya nne, anayoishika aliyeumizwa, haina kitabu kati ya hivi vitatu. Wakareni wa delta walikuwa nayo, na hawakusikilizwa. Januari 1949, mwaka mmoja tu baada ya uhuru, vita kati yao na serikali vikawaka. Vilikuwa na sababu nyingi, lakini damu ya 1942 isiyosikilizwa ilikuwa mojawapo.

Na mizani ya gavana haikubaki Rangoon. Miaka kumi baadaye dola ile ile iliitumia Kenya. Katika uchaguzi wa Machi 1957 wa wajumbe wa Kiafrika katika Baraza la Kutunga Sheria, Mkikuyu, Mwembu na Mmeru hakuruhusiwa kupiga kura bila cheti cha kuthibitisha uaminifu wake kwa serikali wakati wa Mau Mau. Swali lilikuwa lile lile: ulikuwa nami? Na majeraha yaliyofuata, ya nani alikuwa homugadi na nani alikuwa msituni, yangali yanasimuliwa na wajukuu, pengine katika nyumba za wasomaji wetu wenyewe.

Ndiyo maana tunawashauri wasomaji wavisome vitabu hivi. Slim kwa ukweli wake, Collis kwa kujua gavana aliona nini dirishani, Ba Maw kwa kusikia upande usiosikika sana. Wavisome lakini wakiwa na swali lao mkononi. Na siku tukikaa tena kuchagua viongozi wa jumuiya zetu huku, au tukibishana kuhusu wazee wa nani walikuwa wapi, kabla hatujamwita mtu msaliti tuulize kwanza: alimsaliti nani, na alimdhuru nani? Kama jibu ni kwamba alimvunjia gavana heshima, tumwache apite. Kama yupo mjane anayedai, tumsikilize yeye kwanza, kabla ya kuangalia kama madai yake yanatufaa.